Ile Neno, Tosha: Waraka wa Wazi kwa Ofisi ya Meya wa Mji wa Likasi

Kwa Mheshimiwa Meya,
Ofisi ya Mji wa Likasi,
Mkoa wa Haut-Katanga.

Kuhusu: Ombi chini ya kifungu cha 27 cha Katiba

Mheshimiwa,

Mimi ni mwenye kibanda cha kupiga barua, upande wa soko la Kikula. Nina meza mbili, kompyuta moja, mashine ya kopi inayokwama kila mvua inaponyesha, na nje kuna jenereta ndogo ya kuwasha umeme unapokatika. Ukutani niliandika kwa rangi nyeusi: SECRÉTARIAT PUBLIC. Mtu anakaa kwenye kiti, ananieleza shida yake kwa Kiswahili, mimi naiandika kwa Kifaransa, ananilipa kwa ukurasa. Huu ni mwaka wa 17. Barua nyingi zinazofika kwako ndani ya bahasha za kaki zimepita kwanza kwenye vidole vyangu. Kile kianzio cha heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka yako ya juu ni changu. Nimekihifadhi ndani ya mashine, siku hizi sikiandiki tena, nakibandika tu. Kwa hiyo hatujawahi kuonana, lakini umenisoma sana.

Leo nakuandikia kwa niaba yangu mwenyewe, na kwa Kiswahili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 1, inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kifaransa ni lugha ya ofisi, nakijua, ndicho kinachonilisha. Ila mambo ninayotaka kukueleza nimeyasikia yote kwa Kiswahili, na kila nikijaribu kuyahamisha yanavaa suti na tai, hata wenyewe walioyasema wasingeyatambua. Tena hatuanzi sisi. Mwaka 1965 waliokuwa maboyi wa Wazungu mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, walitaka historia ya mji ule iandikwe kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha Katanga, na André Yav akaiandika. Watu waliofua na kupiga pasi mashati ya wakubwa walieleza wakubwa wale walikuwa watu wa namna gani. Kama Kiswahili chao kilitosha kwa kazi ile, changu kitatosha kwa barua moja.

Nimesema kutosha. Hapo ndipo shauri langu linapoanzia. Waraka huu ni wa wazi, utasomwa na watu wa mbali pia, basi niwaeleze wale wa Dar es Salaam na Mombasa: kwao kitu kikitosha, hakihitaji kuongezwa. Kwetu Katanga, kutosha ni kuondoa. Tosha viatu mlangoni. Tosha mutoto mu mayi. Na kibandani kwangu, neno ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Fundi, ile neno, tosha."

Mama mmoja alikuja msimu wa kiangazi, amebeba bidoni tupu ya njano kwa sababu alikuwa anatoka kutafuta maji na bado hajayapata. Aliiweka kati ya miguu yake, akaanza kunieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kugombana njiani. Andika, fundi: robine ya avenyu yetu imekauka tangu Pasaka. Andika: fakitire zinakuja kila mwezi na tunalipa. Andika: kuna mtu ana kisima chake, anauza maji kwa bidoni, na huyo huyo ndiye anajuana na wanaofunga vali. Nikamuuliza kama aandikwe jina. "Andika jina yake, miye siogope mutu."

Nikaandika. Ilijaa ukurasa mzima, na nakuambia bila majivuno, ilikuwa barua nzuri. Kisha nikamsomea, nikimfasiria mstari kwa mstari, kama ninavyofanya kwa wote. Nilipofika kwenye jina akanyamaza. Akatazama mlangoni. "Ile jina, fundi, tosha." Nikaitosha. Nikaendelea. "Na ile ya kisima, tosha." Nikaitosha. "Ile ya kulipa fakitire... batasema tunabadai. Tosha." Mwishowe akaniomba nitoe hata Pasaka. Nikashangaa, Pasaka ina kosa gani? Akanijibu: "Batauliza, tangu Pasaka ulikuwa wapi?"

Ilibaki sentensi moja: tunaomba kwa heshima mtusaidie kwa maji. Akataka kunilipa ukurasa mzima. Nilikataa, tukagombana kidogo, akaniachia nusu. Barua hiyo imo mahali fulani ofisini, Mheshimiwa, na aliyeisoma bila shaka alifikiri ni mama asiyejua kujieleza.

Nimepiga barua kama hiyo mara nyingi mno. Za vumbi la malori yanayopita mjini usiku na mchana na mizigo ya shaba na kobalti. Za mwalimu asiyelipwa. Za mchimbaji mdogo aliyefukuzwa kwenye shimo lililokuwa la babu yake. Zote huanza ndefu na huisha fupi. Nami nimejifunza kuutambua wakati ule sauti inapobadilika: mtu anaacha kuniambia mimi, anaanza kujisikia mwenyewe kwa masikio ya mtu mwingine aliyekaa ofisini. Mtu huyo sijui ni nani. Labda hayupo kabisa. Lakini ndiye mhariri mkuu wa kibanda changu, na hajawahi kunilipa hata franka moja.

Utaniuliza wanaogopa nini, maana humjui mtu wa Kikula aliyefungwa kwa barua ya robine. Hata mimi simjui. Lakini hofu haihitaji mfano wa kila mtaa, mfano mmoja mkubwa unatosha, na hapa nasema kutosha kwa Kiswahili cha Mombasa. Mfano wetu uko kilomita kama 20 kutoka hapa. Shinkolobwe.

Unajua kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza bomu la Hiroshima, lile la tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka katika shimo lile. Waliolichimba ni babu zetu, na hawakuambiwa wanachimba nini. Hiyo ilikuwa siri ya Wabelgiji na Wamarekani, tuiache. Tuje karibu. Mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji pale. Mwaka huo huo shimo likaporomoka na kuua watu, maana marufuku ilikuwa kwenye karatasi na watu walikuwa ardhini. Ndipo Julai 2009, shirika la haki za binadamu la ASADHO, tawi la Katanga, likatoa ripoti ikisema kwamba uchimbaji wa siri Shinkolobwe unaendelea na kwamba wapo wenye vyeo wanaohusika. Mkuu wa tawi hilo, Golden Misabiko, alikamatwa Lubumbashi na watu wa usalama tarehe 24 mwezi ule ule. Septemba mahakama ikamhukumu kifungo cha mwaka mmoja, sehemu kubwa ikiahirishwa. Kosa lake: kueneza uvumi wa uongo.

Fo brui. Kila mtu Likasi analijua neno hilo kwa Kifaransa, hata asiyejua Kifaransa. Limo katika kifungu cha 199 bis cha sheria ya adhabu: anayeeneza kwa makusudi uvumi wa uongo wa kutia watu hofu au kuwachochea dhidi ya mamlaka, miezi miwili hadi miaka mitatu jela. Nimelisoma mara nyingi, na sina ugomvi na neno "kwa makusudi", wala na neno "uongo". Ugomvi wangu ni huu: habari ya Shinkolobwe ilimhusu kila anayekunywa maji na kupumua hewa ya Likasi, na yule aliyeileta ndiye aliyefunguliwa kesi. Sisi wa kibandani hatukuihitaji sheria yenyewe ili tuelewe. Mteja wangu wa kwanza wa wiki iliyofuata hukumu ile, mzee aliyetaka kuandika juu ya takataka zilizomwagwa nyuma ya nyumba yake, aliniuliza kabla hajakaa: "Hii haiko fo brui?"

Siku hizi imeongezwa nyingine. Sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, kifungu cha 360, inamtisha anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao: mwezi mmoja hadi sita jela, na faini ya franka 500,000 hadi 1,000,000. Miezi sita tu baada ya hapo, Septemba 2023, mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa kwa ajili ya makala ambayo haikuwa hata na jina lake, akakaa gerezani mpaka Machi 2024. Yule ni mtu anayejulikana dunia nzima, mashirika yalipiga kelele kila wiki. Mama wa bidoni nani atampigia kelele?

Sasa, Mheshimiwa, usidhani nakuandikia kudai kwamba kila mtu aseme lolote. Kifungu cha 23 cha Katiba kinatupa uhuru wa kutoa maoni kwa maneno, maandishi na picha, kisha kinauwekea ndoano tatu: sheria, utulivu wa umma, maadili mema. Nakubali kwamba ndoano lazima ziwepo. Nakubali zaidi ya wengi wanaokaa Kinshasa na kuandika juu ya uhuru, kwa sababu mimi ni mtoto wa Likasi na mwaka 1992 nilikuwa na miaka kumi.

Rafiki yangu wa wakati ule alikuwa mtoto wa jirani, ukuta kwa ukuta. Baba yake alikuwa fundi wa umeme kiwandani, mama yake alishona nguo kwa cherehani nyeusi ya kukanyaga. Babu yao aliletwa kutoka Kasai na kampuni ya migodi ya Union Minière, wakati ule wa miaka ya 1920 kampuni ilipokuwa ikienda kutafuta wafanyakazi mbali. Baba alizaliwa hapa. Yeye alizaliwa hapa, hospitali ile ile niliyozaliwa mimi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, Tshiluba alikijua cha kuombea chakula kwa bibi tu.

Yaliyotokea juu yetu yameandikwa na wanahistoria. Mkoa wakati ule uliitwa Shaba. Kuanzia mwisho wa 1991 gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI, na katika mikutano ya hadhara ya siku zile Wakasai waliitwa bilulu. Wadudu. Agosti 1992 Kongamano la Taifa kule Kinshasa likamchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, Mkatanga, na moto ukawaka. Hayo nimeyasoma baadaye. Nilichokisikia mimi kwa masikio yangu ni neno lenyewe, lilivyoteremka kutoka jukwaani mpaka kwenye baa, kutoka baa mpaka foleni ya mkate, kutoka foleni mpaka kwenye uwanja wetu wa mpira.

Siku moja rafiki yangu alinipiga chenga, nikaanguka, wote wakacheka. Nikainuka nikamwita kilulu.

Hakukasirika. Hicho ndicho ninachokikumbuka. Alicheka pamoja na wenzake, maana lilikuwa neno la siku zile, kama wimbo, kila mtu alikuwa nalo mdomoni. Hakuna mkubwa aliyepita akaniambia: ile neno, tosha.

Wiki chache baadaye walikuwa stesheni. Makumi ya maelfu ya watu wa Kasai waliondolewa katika nyumba zao hapa Likasi na kujazana stesheni na katika majengo ya shule, wakingojea gari-moshi la kuwapeleka Mwene-Ditu na Kananga, miji ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Walingoja miezi. Mvua zikaanza wakiwa pale pale. Watoto na wazee walikufa kwa kuhara na surua kwenye saruji ile. Mama yangu alipika bukari na lengalenga, akaifunga kwa kitambaa, tukaenda. Tuliwakuta karibu na reli: ile cherehani ilikuwa juu ya magodoro, imefunikwa plastiki, na mama yake alikuwa akimshonea mtu mwingine mfuko kwa mkono, kwa sindano, kwa sababu cherehani hakutaka kuifungua mpaka afike. Rafiki yangu alikula bila kunitazama. Sikujua la kusema, na sikusema.

Basi mimi najua neno linaweza kufanya nini. Sijasoma mahali. Nililitamka.

Na sheria ilikuwepo! Amri-sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Ilikuwa na miaka 26 magari-moshi yalipojaa. Haikumwokoa jirani yangu. Linganisha na 2009: mtu wa ripoti ya Shinkolobwe walimfikia katika wiki mbili.

Mahakama mbili za Arusha, mji ambao sijawahi kuufikia, zimetoa hukumu mbili ambazo ningependa zibandikwe pamoja kwenye ubao wa matangazo mbele ya ofisi yako. Ya kwanza ni ya tarehe 3 Desemba 2003. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu kwa ajili ya redio ya RTLM na gazeti la Kangura, vyombo vilivyowaita Watutsi inyenzi, yaani mende, kabla na wakati wa mauaji ya 1994. Bilulu, inyenzi: ni ukoo mmoja wa maneno. Ya pili ni ya tarehe 5 Desemba 2014, ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu yenye makao yake mjini humo humo. Lohé Issa Konaté, mhariri wa gazeti huko Burkina Faso, alikuwa amefungwa miezi 12 kwa kuchapisha makala zilizomshutumu mwendesha mashtaka wa serikali. Majaji walisema kumfunga mtu kwa jambo kama hilo kumevunja haki yake.

Hukumu hizo mbili hazipingani hata kidogo. Mtu akimsema mwenye cheo juu ya kazi ya cheo chake, mwenye cheo ana ofisi, ana muhuri, ana mahali pa kujibu. Jirani akiitwa mdudu kwa sababu ya mahali alikotoka babu yake, hana pa kujibia, anafunga mizigo tu. Sisi tumeweka mpaka kinyume. Tumejenga ukuta mrefu kuzunguka wakubwa, na uwanja wa mpira tumeuacha wazi.

Naongeza jambo moja ambalo halinipi raha kulisema, maana linaniharibia hoja yangu nzuri. Si kila barua nimeipiga. Kuna mzee alitaka niandike kwamba mjane wa jirani yake ni mchawi, amemla mtoto wake, ahamishwe. Nilimrudishia pesa yake. Alinitukana mpaka barabarani, akasema mimi ni nani nimnyime haki ya kusema. Alikuwa na swali zuri. Pengine alikwenda kibanda kingine wakampigia. Na siku hizi hata kibanda hakihitajiki: sauti ya mtu asiyejulikana inaingia kwenye WhatsApp asubuhi, ati watoto wanaibwa kule komini ya Panda, na kufika saa sita kijana mgeni aliyeuliza njia tu anazungukwa na watu wenye mawe. Kwa hiyo ninaposema robine isiitwe fo brui, sisemi kwamba fo brui haipo. Ipo. Inaua. Lakini mara nyingi inamwua mtu mdogo, na serikali inakumbuka kifungu cha 199 bis pale tu mkubwa anapokwaruzwa.

Tena lile neno la zamani, bilulu, linaanza kusikika. Vijana wanaoendesha taxi-moto tunawaita manseba. Kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, ni mjomba, kaka wa mama, jina la heshima kabisa, na mara nyingi linaitwa kwa upendo: "Manseba, unipeleke Shituru." Ila pikipiki ikigonga meza ya nyanya sokoni, usikilize jinsi jina hilo hilo linavyorushwa, na linalofuata nyuma yake. Mwezi uliopita nililisikia likifuatwa na bilulu, kutoka kinywani mwa kijana aliyezaliwa muda mrefu baada ya 1992. Alilipata wapi? Hatukumfundisha historia yake, tulimwachia neno.

Nakuja kwenye ombi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka hujibu ndani ya miezi mitatu. Wala hakuna anayeweza kushtakiwa, kwa namna yoyote ile, kwa kuanzisha jambo kama hilo. Nimewasomea wateja wangu kifungu hiki kwa Kiswahili, mmoja mmoja. Wengi wanacheka. Mmoja aliniuliza kama ni cha nchi hii.

Naomba ofisi yako ikibandike mlangoni, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu asiye na miwani anaweza kuzisoma. Naomba kiwepo kitabu cha barua zinazoingia na mtu wa kugonga muhuri kwenye nakala ya mwenye barua, ile tunayoiita akize, bila kuombwa pesa ya soda na bila kuulizwa "ni nani amekutuma". Akize ndiyo kitu chote. Mama yule angekuwa na karatasi yenye muhuri na tarehe, asingehitaji kuogopa kuulizwa tangu Pasaka alikuwa wapi.

Naomba pia watu wakileta barua ya kueleza kwamba watatembea barabarani kwa amani, ipokelewe kama taarifa, kwa sababu kifungu cha 26 kinadai taarifa tu, kwa maandishi. Hakisemi popote kwamba wangoje ruhusa. Mji huu una deni kwa wanaotembea. Desemba 1941 wafanyakazi wa Panda na Shituru waligoma, mshahara hautoshi, vita vimepandisha bei ya kila kitu, na walijibiwa kwa risasi. Tarehe 9 ya mwezi huo huo wenzao walipigwa risasi uwanjani Lubumbashi, Léonard Mpoyi akiwa mbele yao. Wale hawakuwa na kifungu cha 26. Sisi tunacho.

Na ombi la mwisho ndilo ninalolitaka kuliko yote. Wewe una wakuu wa komini nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, na chini yao mashefu wa kartye, watu ambao leo kazi yao ya kwanza wakisikia mtu analalamika juu ya maji ni kumwendea na kumwambia apunguze sauti. Nilimwona mmoja, simtaji, akimsimamia binti mpaka afute video ya robine kavu kwenye simu yake. Wabadilishie kazi. Waambie video ya robine iachwe. Wakisikia bilulu, sokoni, baa, uwanjani, kwenye mkutano wa chama chochote, chama cha serikali kikiwemo, hapo ndipo wapaze sauti, na mkubwa aliyelitamka jukwaani apelekwe mbele ya sheria ya 1966 kabla ya mtoto aliyelirudia. Mtoto aambiwe tu, na mtu mzima, siku hiyo hiyo, mbele ya wenzake: ile neno, tosha.

Waraka huu nimeupiga mwenyewe na sikufuta kitu, isipokuwa jina moja, la rafiki yangu wa mwaka 1992, kwa sababu sijui kama angependa kulikuta hapa.

Nitauleta ofisini kwako Jumatatu, saa mbili asubuhi, kopi mbili. Naomba moja igongwe muhuri na kuandikwa tarehe. Miezi mitatu itahesabiwa kuanzia hapo.

Kwa heshima,

Mpiga barua wa Kikula, Likasi